Kitako cha Kopo

Kila siku ya soko, kabla jua halijachomoza, majirani wa mtaa mmoja wa Kasongo walisikia mchi ukidunda nyuma ya nyumba ya Mama Pascaline. Walijigeuza vitandani wakasema, "Ni Chimène, anatwanga sombe. Mutoto wa bidii kabisa!" Wengine waliwavuta watoto wao mablanketi na kuwaambia, "Amkeni, sikieni mwenzenu!"

Laiti wangechungulia juu ya ua! Hapakuwa na jani hata moja la muhogo. Palikuwa na jiwe bapa, na juu yake kopo kubwa la maziwa ya unga lililopinduliwa. Mama Pascaline alilishika kwa mikono miwili, na Chimène, msichana wa miaka kumi na miwili, alilipiga kitako kwa ncha ya mchi mpaka kikabonyea kuelekea ndani.

"Inatosha," Mama Pascaline alisema. "Ukizidisha, watu wataona."

Kopo hilo ndilo lililopima mchele sokoni. Mnunuzi aliliona limejaa mpaka kilima kimesimama juu, akaenda zake ameridhika. Hakujua kwamba chini kulikuwa na kilima kingine cha hewa tupu, nacho amekilipia.

Chimène aliichukia kazi hiyo. Lakini angefanya nini? Wazazi wake walikuwa kijijini Lusangi wakilima mpunga, na Mama Pascaline, mdogo wake mama, ndiye aliyemlisha na kumsomesha mjini. Siku moja alijikaza akauliza, "Mama mudogo, hii si kuiba?"

Mama Pascaline alimkodolea macho. "Soko nzima inapiga kopo. Kama masomo imekuchosha, pikipiki za Lusangi ziko pale barabarani."

Tangu siku hiyo Chimène alifunga mdomo. Alikwenda shuleni, akarudi, akala, akalala, na kila alipouona mchi ukutani aligeuza uso. Hakufungiwa na mtu, lakini hakuwa na pa kutokea.

Shuleni alikaa dawati moja na Grâce. Mama yake Grâce, Mama Marie-Louise, alikuwa prezida, yaani mwenyekiti, wa koperative ya wanunuzi. Familia za mtaa zilichanga ili zinunue pamoja chumvi, sabuni na mafuta, kisha zigawane. Kwa kugawana walikuwa na kopo lao zima, lisilobonyea popote.

Jumamosi moja Grâce alitumwa kununua mchele sokoni kwa Mama Pascaline, na Chimène ndiye aliyempimia. Nyumbani Mama Marie-Louise aliumimina mchele ule katika kopo la koperative. Haukujaa.

Jumatatu Grâce alikuja shuleni macho yamevimba. "Mama anasema niliuzisha muchele njiani," alilia. "Ananiita mwizi. Chimène, ni weye ulinipimia. Kopo ilijaa ama haikujaa?"

Chimène akieleza yote, Jumatatu ijayo ingemkuta shambani Lusangi. "Ilijaa," alijibu.

"Aksanti, ndugu yangu," Grâce akasema akimshika mkono. "Angalau weye uko shahidi yangu." Shukrani ile ilimchoma Chimène kuliko tusi. Alikuwa amesema kweli, na kweli yake ilikuwa imemzamisha rafiki yake zaidi, kwa sababu kama kopo lilijaa sokoni, basi mwizi alikuwa njiani.

Wiki zilizofuata, wanakoperative wengine nao walipima tena mchele na maharage waliyonunua. Wote walipungukiwa. Haikuwezekana watoto wote wa mtaa wawe wezi! Mama Marie-Louise akaenda na wenzake kwa mkuu wa soko, Bwana Ayoubu, naye akawaita wanunuzi na wauzaji chini ya paa la soko.

"Koperative haikuja kufukuza mutu," Mama Marie-Louise alisema. "Tunaomba kopo moja kwa soko nzima, ipimwe mbele ya watu wote. Na mji uifanye kuwa sheria, isiwe huruma ya muuzaji."

Clovis, muuzaji mwenye sauti kubwa na kofia kubwa zaidi, aliinuka. "Kopo zinaanguka kwa pikipiki, zinabonyea. Ni kosa ya nani? Watoto wenu wanauzisha muchele njiani, halafu munatuletea sheria!"

Wauzaji walicheka. Mama Pascaline naye alicheka, ila kicheko chake kiliishia njiani.

"Sheria inataka sababu," Bwana Ayoubu alisema. "Nani ameona kwa macho yake mutu akipiga kopo?"

Kila muuzaji aligundua ghafla kwamba viatu vyake vina jambo la kutazamwa. Upande wa pili mtu fulani alimnyooshea Grâce kidole na kunong'ona, "Mwizi mudogo ule pale." Grâce akajifunika uso kwa kitenge.

Chimène aliyekuwa amesimama nyuma ya mama yake mdogo aliogopa, aliogopa sana. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

"Ni miye. Ni miye ninapiga kopo, kwa muchi, asubuhi. Kelele munasikia si sombe. Grâce hakuiba kitu."

Clovis ndiye aliyewahi kujibu. "Munaona? Utundu wa watoto! Mutoto apigwe fimbo, maneno iishe."

"Ndiyo, apigwe!" wengine waliitikia kwa furaha ya watu walioponea chupuchupu. Mama Pascaline alikuwa amefunguliwa mlango. Anyamaze tu, na mzigo wote ungemwangukia mtoto. Chimène alifumba macho akingoja.

"Mumuache mutoto."

Mama Pascaline alikuwa amesimama. "Yeye anapiga, lakini ninayeshika kopo ni miye. Na weye Clovis, yako inapigwa na nani?" Safari hii waliocheka ni wanunuzi. "Nilipoanza kazi nilipima na kopo nzima. Wanunuzi waliona bei yangu kubwa, wakapita kwa jirani. Muchele yangu ikaliwa na wadudu. Basi nikatafuta jiwe. Tangu pale nimenaswa. Nikiacha peke yangu, nalala njaa. Nikiendelea, naiba. Mutupe kopo moja ya watu wote, na miye nitakuwa wa kwanza kuishika."

Clovis alivua kofia akaanza kujipepea.

Waliporudi nyumbani Mama Pascaline alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Chimène aliingia ndani, akakunja nguo zake na kuzifunga katika kitenge.

"Unaenda wapi?" Mama Pascaline aliuliza mlangoni.

"Lusangi."

"Nani amekutuma?" Akalichukua furushi, akalifungua, na kurudisha nguo mahali pake moja baada ya nyingine. Chimène akaangua kilio.

Kabla ya siku ya soko iliyofuata, mji ulitangaza amri. Wauzaji wote wangepima kwa kopo la aina moja lenye mstari mwekundu, na kopo kama hilo lingewekwa mlangoni mwa soko ili yeyote aweze kupima tena. Koperative ikapewa kiti katika kamati ya soko. Bei ya kopo ilipanda kidogo, lakini sasa mtu alijua anachonunua.

Jioni ya siku amri ilipotangazwa, Mama Marie-Louise alikuja na Grâce. Mbele ya wote alimwomba binti yake msamaha. "Niliamini kopo, nikakosa kuamini mutoto wangu," alisema. Kisha akamgeukia Chimène. "Koperative ilikuwa na haki, lakini haikuwa na shahidi. Sisi wanunuzi tukiungana, wakubwa wa mji wanatusikiliza, na sheria nzuri inamulinda anayenunua pamoja na anayeuza. Lakini sheria haianzi kama kila mutu anaficha kweli yake nyuma ya nyumba. Weye ulitoa yako kwanza."

Alfajiri ya siku ya soko mchi ulidunda tena. Majirani walitega masikio. Safari hii jirani mmoja hakuridhika kusikia tu, akaburuta kiti na kuchungulia juu ya ua.

"Chimène! Iko sombe kweli?"

Chimène aliinua mchi juu. Ulikuwa wa kijani mpaka katikati.

"Sombe kweli, mama," alijibu akicheka. "Leta sahani."