Kengele za Banda la Kichina

Saa mbili asubuhi. Jumatatu.

Chumba cha nyuma cha duka la chipsi la Lorna kilinuka mafuta ya jana. Mottram, mkubwa wa genge lao, alichora kwenye karatasi ya kufungia samaki. Ziwa. Daraja jekundu. Kisiwa. Kisiwani, banda la Kichina la bustani ya Thornmere, mapaa yamepinda pembe, na kileleni joka la shaba lililopakwa dhahabu.

"Leo hakuna wageni. Tunaingia kama mafundi paa. Joka linashuka, tunaondoka."

Alban Tuckwell aliwahi kuwa fundi wa bustani hiyo. Joka lile alilijua. Mkewe Hester ndiye aliyekuwa akilipaka dhahabu, na miguuni pake ndipo alipoteleza, akaanguka akafa. Ashcombe, meneja wa bustani, alikataa kulipia jukwaa la mafundi kusimamia. Ngazi inatosha, alisema. Ndio wakubwa hao. Hujamaliza kuzika, wanaulizia ngazi yao.

Pesa Alban hakuzitaka. Alitaka Ashcombe atazame juu akute kilele kitupu.

"Mzee, umelala?" Lorna alimchokoza. "Au unaota Wachina?"

"Wewe endesha gari, mama."

Saa nane mchana.

Upepo mkali. Kengele ndogo za shaba kwenye pembe za banda zililia bila kupumzika. Mlinzi Wilf alitoka kwenye kibanda chake darajani, macho yamefifia, shingo mbele.

"Mafundi paa, Wilf," Alban alisema.

"Sauti ya Alban hiyo. Wamekurudisha?"

"Leo tu."

"Na jukwaa wamekupa safari hii?"

"Ngazi."

Wilf alitema mate, akarudi kwenye chai yake.

Walipanda. Lorna alibaki garini chini ya banda, injini inanguruma. Mottram alizitazama kengele kwa chuki.

"Nikitikisa paa hili zitalia zaidi, zisikike mpaka kijijini. Zifunge matambara."

Alban alifungua mdomo. Kila fundi wa Thornmere alijua kengele hizo haziguswi. Wilf haoni, analinda kwa masikio. Zikinyamaza na upepo unavuma, anapiga simu polisi.

"Funga vizuri," Mottram aliendelea, bisibisi mkononi. "Ashcombe hataki kelele."

"Ashcombe?"

"Ulidhani nani katutuma? Bima inamlipa, joka anamuuzia rafiki yake. Sasa hivi yuko mjini anakula na mashahidi. Mbona umenitolea macho?"

Alban alifunga mdomo. Akaokota tambara.

Alizifunga zote, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Upepo ukabaki peke yake.

"Mbona kimya hivi?" Lorna aliita kutoka chini. "Mimi sikipendi."

"Kimya ndio kazi yenyewe. Tulia."

Saa nane u nusu.

Wilf alitoka. Akainamisha kichwa, akasikiliza. Akaingia ndani haraka. Kupitia dirishani Alban alimwona akinyanyua simu.

"Vipi huko?" Mottram aliuliza, mgongo umegeuka.

"Shwari."

Skrubu ya mwisho ilikuwa ngumu. Mottram alitukana, akatokwa jasho, akaanza upya. Ving'ora vilipolia nyuma ya miti, Lorna hakungoja mtu. Gari lilivuka daraja kwa kasi likaondoka na milango wazi.

"Ulimwona mlinzi akipiga simu," Mottram alisema.

"Nilimwona."

"Nitakuua, mzee."

"Panga foleni nyuma ya Ashcombe."

Mottram aliteremka mbio, akaipiga ngazi teke ikaanguka. Darajani polisi walimlaza kifudifudi. Alipiga kelele jina la Ashcombe, tena na tena, kama mtu anayedai kurudishiwa chenji yake.

Alban alikaa miguuni pa joka. Alifungua tambara moja. Kengele ikalia.

Polisi kijana aliisimamisha ngazi ukutani. "Haya, mzee. Shuka."

Alban aliitazama ile ngazi.

"Kwa ngazi hiyo sishuki," alisema. "Mwambieni Ashcombe alipie jukwaa."