Moto Ndani ya Bwawa la Modisaotsile

Jumapili ile kabla ya jua kuchomoza, mtaa mzima ulikuwa kimya isipokuwa ua wa Modisaotsile. Waumini waliovaa kanzu nyeupe walikuwa wamevua viatu getini na kusimama kuzunguka bwawa la kuogelea, wakiimba taratibu. Kinanda kiliwafuata kutoka barazani. Taa zilizokuwa ndani ya maji ziliwashwa, na bwawa lote likang'aa rangi ya samawati mpaka mtoto mmoja akamuuliza mama yake kama mbinguni ndiko huko.

Msishangae watu kubatizwa katika bwawa la nyumbani. Mto Notwane ulikuwa umekauka, umebaki mchanga na mbuzi, na kanisa hili halinyunyizii mtu maji kichwani, linamzamisha mzima. Modisaotsile, mwenye duka la vipuri vya magari, ndiye aliyesimama akasema, "Mchungaji, maji yapo kwangu."

Basi, siku ya ubatizo wa kwanza kabisa pale, wiki kadhaa nyuma, mtu wa kwanza kuingia alipiga ukelele. "Yananisisimua! Mwili wote!" Wa pili naye hivyo hivyo. Mchungaji Seabelo alipotia mkono aliona vidole vyake vinacheza vyenyewe, akapiga magoti pale pale, na watu wote wakapiga magoti. Habari ikafika hadi miji ya Mochudi na Molepolole. Watu wakaanza kuja na chupa za kuchotea maji yale. Modisaotsile, ambaye miaka yote kanisani alikaa safu ya nyuma karibu na mlango, akawekewa kiti mbele, kando ya mchungaji, na akaitwa Baba wa Maji.

Kelebogile, mkewe, naye aliyahisi. Alilia siku ile hadi kitambaa chake kikalowa. Tafadhali msimcheke. Ukitumbukiza mkono katika maji yaliyotulia, nayo yakakushika, wewe nawe utalia.

Jambo lilianza kumsumbua Alhamisi moja jioni. Alikuwa amechuchumaa ukingoni akiondoa majani, taa za bwawa zinawaka, na mkono wake ulikuwa ukisisimka kama kawaida. Mara umeme wa mtaa ukakatika. Jokofu likanyamaza, taa zikazimika, na maji nayo yakafa mkononi mwake. Yakawa maji tu. Alikaa hivyo hivyo, hakuthubutu kuutoa mkono. Umeme uliporudi, ule msisimko ukapanda tena hadi kwenye kiwiko, na Kelebogile akaanguka nyuma kwa hofu.

Alimfuata mumewe sebuleni. "Baba Tumo, umeme ukikatika, yale maji yanapoa. Yanakuwa hayana kitu kabisa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nauliza. Roho wa Mungu anasubiri umeme urudi?"

Modisaotsile alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mama Tumo, watu wanatoka mbali kuja kuomba hapa kwako, wewe unakaa kumpima Mungu. Utatuletea balaa."

"Tumwite fundi aangalie tu."

"Fundi hakanyagi hapa kabla ya Jumapili. Umenisikia? Jumapili ni zamu ya mama."

Kelebogile akageuka akarudi jikoni. Mama huyo alikuwa Bibi Galeboe, mama mkwe wake, mwenye miguu iliyovimba, aliyesogea kwa kushika kuta. Alikuwa amesikia habari za maji yale, na hamu yake yote sasa ilikuwa moja: azamishwe humo, atoke anatembea. Nani angekuwa na moyo wa kumwambia hapana? Modisaotsile alimpenda mama yake, hilo silikatai. Wiki ile ile alimjengea ngazini kishikio kirefu cha chuma, akakichimbia kwenye udongo wenye unyevu wa ukingoni ili asiteleze.

Turudi basi Jumapili ile tuliyoanza nayo, zamu ya bibi. Mchungaji alikuwa amesimama ukingoni, anapandisha kanzu ili aingie. Bibi Galeboe akamsukuma kwa kiwiko. "Niache, baba. Nataka kuingia kwa miguu yangu mwenyewe."

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Akashuka ngazi ya kwanza, maji yakafika kwenye vifundo. Akashuka ya pili. Akanyoosha mkono akashika kishikio.

Akakakamaa. Kichwa kilirudi nyuma, mwili mzima ukawa mgumu, na mkono ukang'ang'ania chuma.

"Amemshika!" watu wakapaza sauti. "Roho amemshika! Aleluya!"

Kelebogile peke yake ndiye aliyemtazama machoni. Macho ya bibi yalikuwa yakimtafuta yeye, yakiomba, na mdomo ulikuwa wazi bila sauti. Mchungaji alikuwa tayari ameinua mguu amfuate.

"Msimguse!" Kelebogile alimvuta mchungaji kwa kanzu, wote wawili wakaanguka chali. "Mtu asiingie majini! Ni umeme! Zimeni umeme!"

Na hapo ndipo walipomwona Baba wa Maji. Alikuwa ameshakipiga teke kiti chake cha heshima na anakimbilia jikoni, kwenye swichi kuu ya umeme. Hakuna aliyekuwa amemwelekeza wapi pa kukimbilia.

Kinanda kilikatika katikati ya wimbo. Bwawa likawa jeusi. Mkono wa Bibi Galeboe ukaachia chuma, naye akateleza kama nguo inavyoanguka kambani. Wanaume wakamwopoa. Hakuwa akipumua, kisha akakohoa, akapumua. Kiganja cha bibi kilikuwa kimeungua mstari mmoja mwekundu.

Nesi mmoja wa kanisani alimkagua na kuagiza apelekwe hospitali. Bibi akagoma mpaka amalize chai yake na ajue kilichomkamata. Fundi Oagile, aliyeishi nyumba ya tatu, alikuja na kandambili zake. Alichomeka chuma ardhini mbali na watu, akaunganisha hapo waya mmoja wa kipimo chake, wa pili akautumbukiza bwawani. Kisha akaomba umeme uwashwe na watu warudi nyuma.

Namba zikapanda.

Watu waliguna. Maji yalikuwa yametulia kabisa, hayana harufu wala sauti, hata jani lililoelea juu yake halikutikisika. Kelebogile, ingawa alikwisha kujua, alihisi nywele za mikono zikimsimama. Kumbe kifo kinaweza kukaa mahali pazuri namna ile.

Fundi akazima njia za umeme moja moja. Jiko: namba hazikusogea. Pampu: zilibaki pale pale. Alipozima taa za bwawa, zikaanguka hadi sifuri.

"Taa imeingia maji," akasema. "Inavujisha. Na aliye majini akishika chuma kilichochimbiwa ardhini, umeme unampitia mwilini. Lakini kuna swichi ya usalama hapa, umeme ukivuja inajikata yenyewe. Mbona haikukata?" Akafungua kisanduku. Kipande cha waya kilikuwa kimepitishwa pembeni ya ile swichi na kufungwa vizuri kwa utepe mwekundu. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi," Modisaotsile alisema. "Ilikuwa inajikata kila nikiwasha zile taa. Nilikuwa na wageni, ikaniaibisha."

"Na watu walipoanza kusisimka?" mchungaji akauliza.

"Mwanzoni sikujua. Baadaye nikahisi." Alishindwa kuinua uso. "Lakini mlikuwa mmeshaniwekea kiti."

Mchungaji Seabelo naye aliinamisha kichwa. "Mimi niliona vidole vyangu vinacheza, nikahubiri. Sikuuliza."

Bibi Galeboe aliweka kikombe chini. "Modisa, njoo hapa. Kila usiku naomba Mungu akulinde. Kumbe alikuwa anakuzimia taa kukuonya, na wewe ukamfunga mdomo kwa utepe."

Modisaotsile alilia mbele ya watu wote, na hakuna aliyemzuia.

Taa zile ziling'olewa, swichi ikarudishwa, na kishikio kikaungwa na waya wake wa usalama kama inavyotakiwa. Fundi alipima tena na tena. Bibi alipotoka hospitali alidai ubatizo wake, katika bwawa lile lile. Alizamishwa, akaibuka, watu wakamkodolea macho.

"Maji ya baridi tu," akasema, meno yakigongana. "Mungu asifiwe." Kisha akaingia ndani akishika kuta kama zamani. Siku ile Modisaotsile alikuwa amekaa safu ya nyuma.

FUNZO

Ndugu zangu, kitu kinachojikata chenyewe nyumbani mwenu hakiwaonei. Kinawaambia kuna jambo. Msikifunge mdomo kwa sababu wageni wanakuja. Maji yakiwasisimua, tokeni, msishike chuma, na mtu akikwama msimrukie. Zimeni umeme kwanza, kisha mwiteni fundi.

Na sifa, jamani, sifa. Modisaotsile hakutaka kumuua mama yake. Alitaka kukaa mbele. Mkeo au mumeo akikuuliza swali ambalo unaogopa jibu lake, basi swali hilo lijibu siku hiyo hiyo. Mungu hapungukiwi kitu kwa kuulizwa, lakini Kelebogile alipouliza na kuzimwa, Bibi Galeboe ndiye aliyeingia majini.