Mayai ya Kuku wa Mama

Kila asubuhi Naeku aliwamwagia kuku mahindi nyuma ya nyumba yake, mjini Karatu. Aliyempenda zaidi alikuwa mtetea mwekundu, uzao wa mwisho wa kuku wa marehemu mama yake. Alimleta kwa basi kutoka Wasso, nyumbani kwa mama, ndani ya kikapu, akimpapasa njia nzima. Mtetea akiita, Naeku alijiona mtoto tena, amekaa karibu na moto wa mama.

Siku moja alikuta manyoya tu. Nguchiro alikuwa amemuua mtetea aliyekuwa ameanza tu kuatamia. Mayai yalikuwa bado na uvuguvugu.

"Basi," Naeku alilia. "Ni kama mama amekufa tena."

Mumewe, Kimaren, alikimbilia nyumba ya pili. Akamwita jirani yao Salha, muuza vifaranga.

"Usilie, mdogo wangu," Salha alisema. "Yafunge kwa kanga yasipoe. Tutayatotolesha wenyewe. Kimaren, tafuta sanduku la mbao na balbu. Siyo hizi za kubana matumizi. Lete ile ya zamani, inayotoa joto."

Kimaren alifunga balbu ndani ya sanduku, akaziba kila upenyo.

"Hapana, shemeji. Yai linapumua. Toboa matundu. Weka na bakuli la maji, hewa isikauke."

Salha alitundika kipimajoto usawa wa mayai. Walisubiri kitulie kwenye nyuzi thelathini na nane, ndipo wakayapanga mayai.

"Tumemaliza?" Naeku aliuliza.

"Ndiyo kwanza tunaanza! Kuku huyageuza mayai kwa mdomo. Wewe yageuze kwa mkono, asubuhi, mchana na jioni. Nawa kwanza. Siku tatu za mwisho, usiyaguse."

Mchana mmoja umeme ulikatika. Naeku alifunika sanduku kwa blanketi, akaacha matundu wazi. Ndani aliweka chupa za maji ya moto, kando ya mayai.

"Vumilieni, wanangu," alinong'ona.

Wiki ya tatu ilipoisha, yai moja lilipasuka. Likafuata jingine. Machache hayakuanguliwa, lakini sanduku lilijaa vifaranga wakilia.

Naeku alimpigia simu kaka yake Meitamei, aliyebaki Wasso. Alisubiri apokee. Aliisogeza simu kwenye sanduku.

Meitamei alisikiliza milio ile. Kisha akauliza polepole, "Naeku, uko nyumbani kwa mama?"