Acha Nywele, Tangaza Mpira

Ifahamike mapema, ili asije akatokea mtu wa kulalamika baadaye, kwamba Mtangazaji alikuwa mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa lifti, aliogopa hata ile mashine ya kukaushia mikono chooni. Redioni tu ndiko alikokuwa simba, kwa kuwa redioni hakuna anayekuona magoti.

Siku alipokutana na Golikipa, duka lilikuwa limefurika watu na vikapu vyao. Akiwa kwenye foleni ya kulipa, chupa ya asali ilimponyoka. Kabla haijagusa sakafu, mkono ulichomoka nyuma yake ukainyaka. Mwenye mkono alikuwa msichana mrefu, suti ya michezo ya buluu, misuko yake imefungwa kwa utepe mwekundu.

"Shika kwa mikono miwili, kaka," alisema.

"Wewe ni golikipa?"

"Na wewe ni yule wa redioni. Sauti nimeijua. Nilidhani ina kifua kikubwa zaidi."

Hapo ndipo moyo wa Mtangazaji ulipofungwa bao la kwanza.

Kuanzia siku hiyo simu ziliwachoma masikio. Golikipa alimfundisha kwa nini mdakaji hupiga hatua moja mbele kabla ya shuti, na lini apige ngumi badala ya kudaka. Mtangazaji naye alimwita "roho yangu", akacheka peke yake jikoni mpaka chai ikafurika.

Ikaja nusu fainali. Kipindi kilidhaminiwa na kampuni ya mafuta ya nywele, na bosi alikuwa studio, akimfokea kupitia vipokea sauti: "Sema misuko! Sema midomo! Watu wanataka warembo!" Mtangazaji akaogopa, akatii. Golikipa akaokoa mipira ya kutisha, na nchi nzima ikasikia habari za utepe.

Jioni simu ikalia.

"Roho yangu, hongera..."

"Usiniroho. Unajua mama yangu ni fundi cherehani, uwanjani hafiki, ananifuata kwa redio. Nimeingia nyumbani bega limevimba, unajua kaniuliza nini? 'Mwanangu, leo mlicheza mpira au mlikwenda kwa msusi?'"

"Ni bosi, mpenzi. Angeninyang'anya maikrofoni."

"Fainali atasikiliza tena. Akisikia habari za nywele zangu, futa namba yangu."

Akakata.

Siku ya fainali Mtangazaji alipanda kwenye kibanda chake cha uwanjani. Akinyamaza kuhusu nywele, kazi hana. Akisema, mchumba hana. Akaishika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Utepe leo rangi gani?" bosi akauliza masikioni.

Akafungua mdomo. Wakati huohuo ikapigwa kona. Golikipa akaruka juu ya wote, akaupangua mpira kwa ngumi, na goti la mshambuliaji likamwingia mbavuni. Akaanguka. Hakusogea.

Uwanja ukanyamaza. Mtangazaji naye akanyamaza.

"Usinyamaze! Sema misuko imetapakaa kwenye nyasi, watalia!" bosi akafoka.

Ndipo alipomkumbuka mama mmoja kwenye chumba cha kushonea, ambaye muda ule hakuwa na macho mengine ila mdomo wa mwoga huyu. Akavua vipokea sauti, akaviweka chini.

"Golikipa amelala ubavu wa kulia," alisema. "Mpira ameshautoa. Daktari amefika. Bado hajasogea. Nasema ninachokiona tu. Daktari anamgusa mbavu... vidole vimesogea. Vya mkono wa kushoto. Amekunja goti. Anakaa. Anapumua, namwona anapumua! Anamsukuma daktari!"

Tangu hapo akatangaza mikono, hatua na ngumi. Timu ya Golikipa ilifungwa bao moja, na hilo pia akalitangaza lilivyokuwa, bila kumpaka mtu mafuta, ya nywele wala mengine.

Bosi alikuwa wa kwanza kupiga simu: "Kesho njoo uchukue vitu vyako." Simu ikalia tena. Mtangazaji akaipokea macho ameyafumba.

"Wewe mwenye kifua kidogo."

"Roho yangu! Mbavu?"

"Zinauma nikicheka, kwa hiyo usinichekeshe. Mama alizima cherehani mchezo mzima. Anasema bao lile ningetoka golini mapema, ningelizuia."

Mtangazaji akameza mate. "Ni kweli. Ulichelewa."

Akasubiri kufa.

"Kumbe wewe na mama mmeshaungana!" Akacheka, akagumia kwa maumivu. "Bosi wako je?"

"Kanifukuza."



"Mama anasema uje kesho akupime koti."

"Koti la nini?"

"La harusi, mjinga wewe. Au unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Njoo hivyohivyo. Na lete asali. Shika kwa mikono miwili."