Lastiki Chini ya Goti

"Jogoo wangu hana tabia hiyo!"

"Hana tabia? Na unyoya huu nao, umeota kwenye kabati?"

Fundi seremala alisimama kwenye uwazi wa ua uliotenganisha nyumba mbili, ameshika unyoya mwekundu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika mkia wa panya. Nyuma yake, kabati la mteja alilolipaka vanishi jana lilikuwa na mkwaruzo mrefu ubavuni, kuanzia juu hadi chini.

"Unyoya hupeperuka, Fundi," alisema mama mwenye jogoo, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Upepo haujui kiwanja cha nani."

"Upepo haupandi kabati ukateleza mpaka chini! Ni huyo jogoo wako. Anatembea kwangu kama mwenye nyumba anayedai kodi!"

Majirani walikuwa wamekwisha kusogea. Mmoja alikuja na beseni lake la nguo, asipitwe. Mwingine aliuliza, "Kuna nini?" na kabla hajajibiwa akaanza kutoa hukumu.

Mlangoni, binti wa mama huyo alikuwa akivaa viatu vya shule polepole kuliko siku zote. Mtaa mzima ulimwita Kiguu, kifupi cha Kiguu na Njia, kwa sababu hakukaa kitako. Ukimtuma dukani alipitia nyumba tatu kwanza, na alirudi na habari za zote. Lakini asubuhi hiyo Kiguu alikuwa kimya kama maji ya mtungini. Yeye ndiye aliyeruka ua upande wa nyuma jana jioni ili kukata njia, maana alikuwa amechelewa kurudi kutoka mchezoni. Aliteleza juu ya kabati, akatua kwenye rundo la mabaki ya mbao, na msumari ukatoboa kandambili yake mpaka kwenye unyayo. Aliuchomoa, akaufuta mguu kwa pindo la sketi, akaingia ndani akisema ana usingizi.

"Mfunge jogoo wako," Fundi alisema, "la sivyo tusilaumiane."

Mama alimkamata jogoo, akamfunga mguu kwa kipande cha kitambaa kwenye nguzo. Jogoo akaruka, kitambaa kikamrudisha chini. Akaruka tena. Kiguu alitazama pembeni, akachukua mkoba wake akaondoka.

Darasani, mwalimu wa sayansi alichora mwili wa binadamu ubaoni kwa chaki za rangi: ateri kwa nyekundu, vena kwa buluu.

"Moyo husukuma damu mpaka kwenye kidole cha mwisho cha mguu," alisema, "kisha damu hiyo hurudi moyoni. Inazunguka usiku na mchana. Haina likizo kama nyinyi."

Wanafunzi wakacheka. Mwalimu akaendelea kueleza kuhusu seli nyeupe, askari wanaosafiri ndani ya damu kupambana na vijidudu. Kiguu hakuyasikia hayo. Alikuwa amekwama kwenye neno moja: hurudi. Kama damu hurudi, basi uchafu wa msumari nao utapanda mpaka moyoni! Alitaka kunyoosha mkono, akaushusha. Akiuliza, ataulizwa kwa nini anauliza.

Wakati wa mapumziko alijificha nyuma ya darasa. Wasichana wengi walifunga soksi zao kwa lastiki zisiporomoke, na Kiguu, mtoto wa mshonaji, hakukosa lastiki mkobani. Alichukua moja, akauzungushia mguu chini ya goti, akakaza, akakunja soksi juu yake.

"Hapa hapapitiki," aliuambia mguu.

Jioni mguu ulimpwita. Alikaa, akainuka, akaegemea ukuta, akakaa tena.

"Una nini, mwanangu?" mama aliuliza bila kuacha cherehani. "Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Nimechoka tu."

Nje, Fundi alipita. Mama akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Fundi naye akaanza kupiga mluzi. Salamu zilikuwa zimekufa, na Kiguu ndiye aliyeziua. Alipolala alilegeza lastiki, maana maumivu yalimshinda. Asubuhi akaikaza tena.

Siku hiyo hakumaliza masomo. Vidole vya mguu vilikuwa na ganzi, mwili ulitetemeka kwa baridi wakati wenzake wanatoka jasho, na kwenye nyonga ulikuwa umemtoka mtoki, uvimbe mgumu kama kokwa. Mwalimu alipomuuliza alisema kichwa kinamuuma, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Alijikokota mpaka mbele ya karakana ya Fundi, na hapo magoti yakamgomea.

Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye randa yake. "Wewe mtoto, umefuata nini tena hapa..." Hakumaliza. Aliuona mguu umevimba hadi kufurika nje ya kiatu. Aliinama, akashusha soksi. Mstari mwekundu ulikuwa unapanda kutoka kwenye unyayo.

"Mama Kiguu!" alipaza sauti. "Mama Kiguu, njoo haraka!"

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mama tangu ugomvi wa jogoo. Mama alitoka mbio, sindano yenye uzi ikiwa bado imechomekwa kifuani. Fundi alimwaga mbao zilizokuwa kwenye mkokoteni wake, akatandika magunia, akamlaza Kiguu juu yake. Walikwenda zahanati wakikimbia, mmoja akivuta, mwingine akisukuma.

Muuguzi alichukua mkasi, akaikata lastiki kabla ya kusema lolote. Kisha akauliza, "Umechomwa na nini, na lini? Niambie kweli, maana dawa itategemea jibu lako."

Kiguu alimtazama mama upande mmoja, Fundi upande wa pili.

"Msumari," alisema. "Juzi jioni. Niliruka ua, nikateleza kwenye kabati la Fundi. Jogoo hakufanya kitu. Jogoo hata hakuwepo."

Fundi alijikuna shingo. "Kwa hiyo ule unyoya..."

"Mambo ya unyoya mtayamaliza nje," alisema muuguzi. "Na lastiki hii ya nini, binti?"

"Ili uchafu usifike moyoni. Mwalimu alisema damu hurudi."

"Hukusikiliza mpaka mwisho. Vijidudu vilikwisha kuingia, ukawazuia askari wako nje. Seli nyeupe huletwa na damu hiyo hiyo uliyoifunga. Huo mtoki ni tezi iliyovimba kwa sababu inapigana. Homa nayo ni dalili ya vita. Mwili wako umekuwa ukipiga kelele kusema ukweli, mdomo ndio umeuficha. Kidonda cha msumari huoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni, kisha unamwambia mtu mzima akulete hapa. Hakifungwi lastiki, wala hakifichwi. Ungeendelea kunyamaza, tungeweza kuupoteza mguu huu."

Mama alishika ukuta. Muuguzi akasafisha kidonda, akampiga Kiguu sindano ya kukinga pepopunda, akampa dawa za kuua vijidudu na kumwonya azimalize zote, hata akijiona amepona.

Wiki iliyofuata uvimbe ulikuwa umekwisha. Kiguu alikaa kwenye kigoda katika karakana, akipiga msasa ubavu wa kabati. Alikuwa ameomba radhi, akaomba na kazi. Kukaa mahali pamoja kulimtesa kuliko sindano, lakini hakuinuka.

"Fuata mkondo wa mbao," Fundi alimwelekeza. "Usikimbie. Kabati halina miguu."

Mama alitokea kwenye uwazi wa ua. Alikuwa amemfungua jogoo siku ile ile waliyotoka zahanati, na sasa jogoo alimfuata nyuma akipiga hatua kubwa kubwa, kama aliyeshinda kesi.

"Kiguu, mwanangu," alisema mama, "kabati hupigwa msasa likapakwa tena. Mguu haupakwi vanishi. Siku nyingine ukiharibu kitu, niambie siku hiyo hiyo. Nitafoka, halafu nitakuosha kidonda."

"Ndiyo, mama."

Mama akamgeukia Fundi, akafuta mikono kwenye kanga. "Jirani, chakula kiko mezani."

Fundi alimtazama jogoo, akamtazama mama. "Nilihofia mmempika mshtakiwa wangu."

"Huyu? Huyu anasubiri umwombe radhi!"

Fundi aliweka randa chini, akamwinamia jogoo kidogo. "Samahani, mzee."

Kiguu alicheka mpaka msasa ukamdondoka.

"Haya, nawa mikono na wewe," mama alimwambia. "Fundi, karibu ndani, tule."