Miguu ya Mwonjaji

Kofia-onjo ilimshukia Tunsume kichwani, na papo hapo baridi ya Mbeya ikamtoka mwilini. Viganja vikahisi jua, ulimi ukapata chumvi, na nyayo zake, zilizokuwa ndani ya soksi mbili, zikakanyaga mchanga wa moto. Jamani, watu wamesoma!

Enzi hizo kuchagua kisiwa kwa picha kulikuwa ushamba. Ofisi ya safari ilikuvalisha kofia, ukaonja. Kule kisiwani alisimama mwonjaji, binadamu mwenye damu yake, amevaa fulana ya vihisio. Anachohisi yeye, unahisi wewe. Tunsume na mumewe Anyosisye walikuwa wamepata likizo ya pamoja, siku saba, ya kwanza katika miaka kumi na tisa ya ndoa. Hawakutaka kubahatisha.

"Hiki cha tatu kinaitwa Sumbi," roboti wa ofisi alisema.

"Upepo mzuri. Lakini mbona magoti yananiuma? Na kiuno! Utadhani nimepalilia shamba zima."

"Samahani, mama. Malalamiko yamepokelewa. Mwonjaji wa Sumbi ataondolewa kazini leo."

"Aondolewe? Kwa kosa gani?"

"Amesimama tangu alfajiri. Mwonjaji aliyechoka huharibu ladha."

Tunsume alisikia uso unamwaka kwa aibu. Mdomo huu! Mtu kasimama juani ili yeye astarehe, naye hata salamu hakumpa.

"Ni nani huyo? Ananisikia?"

"Ni mwanamke. Anasikia, ila haruhusiwi kujibu."

"Dada yangu," Tunsume alisema kwa sauti, "pole na kazi."

Ghafla koo likamkaba, macho yakamwasha. Kilio hicho hakikuwa chake.

"Futa malalamiko yangu!"

"Hayafutiki, mama. Hufungwa tu mteja akikichagua kisiwa hicho hicho; hapo mwonjaji hubaki kazini."

"Basi tunakwenda Sumbi."

Anyosisye aliruka kitini. "We mama Atu! Kile cha kwanza kina chemchemi ya maji moto. Tumengoja miaka kumi na tisa!"

"Najua, na roho inaniuma. Lakini nitaogaje maji yale hali nimemmwagia mwenzangu unga?"

Anyosisye aliguna, akakuna kidevu, akamtazama mkewe. Alimjua. "Haya, Sumbi. Ila nikisumbuliwa na nzi na mbu huko, utanitambua."

"Na wewe," Tunsume akamgeukia roboti, "andika sharti kwenye mkataba. Mwonjaji apewe kiti na kivuli, kuanzia sasa hivi. Tukifika tukamkuta amesimama, mkataba umekufa."

Taa za roboti zikachezacheza. Hakuna mteja aliyewahi kuomba jambo kama hilo. "Sharti limekubaliwa. Kiti kinapelekwa."

Wakangoja. Mara magoti ya Tunsume yakalegea, mgongo ukaegemea kitu, na ubaridi wa kivuli ukamtambaa mabegani. Mashavu yakaanza kumvutika.

"Sasa unacheka nini?" Anyosisye aliuliza.

"Si mimi, baba Atu," alisema, na meno yote nje. "Si mimi ninayecheka."