Mutu Iko Ndani

Saa kumi na mbili jioni Musoki alipanda na reki hadi kwenye mdomo wa mfereji, kuondoa majani kama kila siku. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Djugu na mto ulibeba takataka nyingi. Zikiziba vyuma vya kuchujia, maji hayashuki vizuri bombani, gurudumu la mashine kule chini linachoka, mshale wa mita ya umeme unateremka chini ya hamsini, na zahanati inaingia giza.

Jioni hiyo zahanati haikupaswa kuingia giza. Binti yake Jemima alikuwa kwenye meza ya upasuaji, mtoto amekaa vibaya tumboni, na betri za zahanati zilikufa tangu Pasaka.

Aliingiza reki. Akavuta.

Harufu ya matope... na ya kitu kilichooza zamani.

"Funga maji! Mutu iko ndani!" sauti ikalia kutoka bombani.

Kituoni hapo neno hilo halijadiliwi. Ukilisikia, unafunga kwanza. Fundi Marcellin alifia bombani kwa sababu aliyemsikia alidhani ni shetani. Musoki hakuwahi kumlaumu mtu huyo.

Na sauti hii ilikuwa ya Dady, mlinzi wa mashine.

"Mama Musoki... miguu yangu... funga!"

Mkono mmoja ukashika usukani wa lango la maji. Wa pili ukanyanyua simu ya waya iendayo chini kwenye mashine.

"Allô? Dady?"

"Mama!" Sauti ile ile. "Weye iko wapi? Nakusikia mu tiyo ya maji, unalia nifunge robine!"

Dady mmoja simuni.

Dady mwingine majini.

"Mushale inasoma ngapi?" alinong'ona.

Maji yakanyamaza.

"Quarante-sept," simu ikajibu. "Inashuka."

Arobaini na saba: namba hiyo huijua tu aliyesimama mbele ya mashine.

"Usifunge. Hata ukisikia nakufa, usifunge!" Musoki akamwambia.

Akaachia usukani, akarudi kwenye reki. Kitu kiliyashika meno ya reki kutoka chini. Kikavuta. Naye akavuta.

"Weye! Kama unatafuta giza, uende kwingine! Hapa siye tunazaa!"

Reki ikachomoka na mzigo wa majani. Maji yakanguruma bombani. Kule bondeni, taa za zahanati zikawa nyeupe.

Akiteremka kwenda kwenye mashine, nusu ya njia, alikanyaga nguzo ya simu. Imelala nyasini. Waya umekatika vipande viwili.

"Ilianguka jana," Dady alisema mlangoni pa chumba cha mashine, mkavu. "Nilisahau kukuambia. Lakini mama... tumeongea kwa simu hiyo."

Simu ya mkononi ya Dady ikaita. Alisikiliza, akacheka huku analia. "Ni infirmière wa zahanati. Mutoto mwanamuke! Wote wako muzima!"

Hawajamaliza kukumbatiana, simu ya waya ikaita ukutani.

"Usipokee, mama."

Musoki akapokea. Maji yalikuwa yanapumua huko... Kisha sauti ikauliza polepole. Sauti ya Musoki mwenyewe.

"Mushale inasoma ngapi?"

Akautazama mshale.

"Cinquante," alisema. "Hamsini kamili. Na itabakia pale pale."